Mchezo wa mezani wa Salsu: magunia kwanza, panga baadaye

Anayetaka kurusha dadu na kukata vichwa tangu zamu ya kwanza, mchezo huu utamchosha. Mimi kazi yangu ni stoo. Nilipoona kadi za nafaka tu nikajua hapa nimefika. Nacheza na shemeji yangu, mtu wa pupa, na pupa yake ndiyo imenionyesha mchezo ulivyoundwa.

Kisa cha mchezo ni vita vya mto Salsu, mwaka 612. Mfalme Yang wa dola ya Sui, China, anauvamia Goguryeo, ufalme wa Korea ya kale, kwa jeshi ambalo kumbukumbu za Kichina zinalihesabu watu 1,133,800. Ngome ya Liaodong inagoma kuanguka, basi wanatengwa askari 305,000 wakaupige mji mkuu wenyewe, Pyongyang. Kila mmoja akabebeshwa chakula cha siku 100, juu ya silaha, deraya na hema. Atakayetupa nafaka, kichwa chake halali ya upanga. Wakachimba mashimo ndani ya mahema, wakaifukia humo.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kete ya Sui yenye magunia yote inatambaa kama kobe. Ukifukia unakwenda mbio, lakini zamu chache mbele unaanza kutoa askari mezani na hakuna aliyekugusa. Shemeji alifukia karibu yote! Mimi upande wa Eulji Mundeok, jemadari wa Goguryeo, nikawa nashindwa kwa makusudi, maana kadi inakulipa ukikimbia hadi mara saba kwa siku moja, kama alivyofanya jemadari mwenyewe. Shemeji akacheka hadi alipoikaribia Pyongyang, akahesabu magunia yake, akanyamaza.

Ningeitoa kadi ya bwawa. Kisa cha mto kuzibwa kisha kufunguliwa hakimo katika kumbukumbu za kale. Zinasema tu kwamba Goguryeo walishambulia Sui wakiwa nusu wamevuka Salsu. Kadi hiyo inafuta jeshi zima kwa mkupuo, na hesabu yote ya njaa uliyoipiga jioni nzima inakwenda na maji.

Sui hushinda akirudisha zaidi ya watu 2,700, idadi inayotajwa kwa waliofika Liaodong wakiwa hai. Shemeji hajaifikia bado.

Kijitabu cha maelekezo kina herufi ndogo mno, na kadi ni laini kuliko bei yake. Nunueni na vifuko vya plastiki vya kuzivika.