Siku tano za darasa la filamu Iringa kwa prodyuza aliyetokea jukwaani, nasema nilichokiona

Kamwene wandugu. Mwezi wa saba, baridi la Iringa limekaza ile ya asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni, nililipia laki na nusu kusoma uprodyuza wa filamu siku tano, ukumbi wa kukodi Kihesa. Kikundi chetu kimekulia kwenye maigizo ya kanisani, Krismasi na Pasaka, na tuna igizo letu moja tunataka tulipeleke kwenye kamera. Kwaiyo hapa siongei ya kusikia, hela ilitoka mfukoni kwangu, na bajaji juu.

Nianze na mwalimu mwenyewe maana ndo bidhaa yenyewe. Mtu wa Tukuyu, anajitegemea, hana kampuni kubwa nyuma yake. Alianza na ngonjera shule ya msingi, akaenda Bagamoyo enzi zile bado panaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hapajawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, 2007, alivyotoka pale akazunguka vijijini miaka na maigizo ya kuhamasisha mambo ya ukimwi, yale ya kuigiza chini ya mwembe watu wamekaa duara na watoto wamepanda juu ya mti. Anasema uprodyuza aliujulia huko bila kujua kama unaitwa hivyo, maana ye ndo alikua anatafuta gari, anapanga watu watakula nini, anaenda kumwona mwenyekiti wa kijiji kuomba uwanja, afu jioni anagawa posho kidogo iliyopo na watu wasigombane. Mi nilikua najua prodyuza ni yule tajiri anayetoa hela tu, kumbe.

Sehemu ya hela ndo ilinifanya nisogeze kiti mbele. Jukwaani unakusanya kiingilio mlangoni, usiku uleule unajua mmepata au mmekula hasara, na pakipwaya leo kesho mnarekebisha. Filamu unamwaga zote kwanza, waigizaji, chakula, usafiri, kamera ya kukodi kwa siku, edita, afu ndo unakaa kusubiri. Filamu yake ya kwanza alimuuzia msambazaji jumla, haki zote zikaenda, baadae anapita sokoni Mwanjelwa, Mbeya, anaikuta imepangwa kwenye meza ya sidii inauzwa na yeye hana hata mia yake humo. Aliisimulia anacheka ila darasa zima kimya. Toka hapo kila karatasi anasoma mpaka mwisho, na sisi alitusomesha mkataba mstari kwa mstari, mambo ya hakimiliki na COSOTA, wale wanaosimamia hakimiliki nchini, na kibali cha Bodi ya Filamu. Mnajua ile sheria ya 1976, Namba 4, inabeba filamu na michezo ya jukwaani pamoja? Mi nilikua sijui, na maigizo nimeanza mdogo.

Siku mbili za kwanza kamera hatukuigusa kabisa. Vijana walinuna, mmoja akasema bora angenunua bando aangalie YouTube. Tulikua tunasoma skripti mezani, tunaichambua kila sini, nani yupo, wapi, mchana au usiku, vitu gani vinahitajika hadi sufuria, afu anachora ramani ya chumba sakafuni kwa chaki tunafanya mazoezi humohumo. Siku ya tatu ndo tukaelewa, kurasa tatu za skripti tulizishuti nusu siku bila mtu kupiga kelele. Waliowahi kwenda kushuti na watu wasiofanya mazoezi wanajua maana yake.

Kilichotusumbua sisi wa jukwaani ni kushuti bila mpangilio wa hadithi. Sini zote za jikoni zinapigwa siku moja hata kama moja ni ya mwanzo na nyingine ya mwisho, kwaiyo unalia saa tatu, saa nne unacheka kana kwamba msiba bado haujatokea. Jukwaani hasira inapanda yenyewe toka mwanzo, huku inabidi ukumbuke uliiacha wapi. Na sauti, jamani. Tumezoea kupaza mpaka wa benchi la mwisho asikie. Kuna mama yetu mmoja kila akisema anapiga kelele kama yuko sokoni, mwalimu akamwambia, mama, sema hivyohivyo ila fanya una mtoto mgongoni ndo kwanza amelala. Akasema. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokua naigiza miaka yote.

Sasa malalamiko, maana siwezi kusifia tu. Siku ya nne tulienda Gangilonga kwenye jiwe, pazuri, mji wote unauona chini, na upepo wa pale mnaujua. Maiki za kubana kwenye shati zilikodiwa duka moja mjini zikaja betri zimekufa, na hakukua na akiba, maiki ya fimbo yenye manyoya ya kuzuia upepo hakuna, tukarekodi na maiki ya kamera. Gangilonga kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, basi siku ile liliongea lenyewe, sisi hatusikiki hata neno. Mi naona ni ule ujukwaa wake, anaamini koo la mtu kuliko mashine, na hapo bado hajahama vizuri.

Kuediti pia, nusu siku, laptopu moja, watu kumi na tano, waliokaa nyuma waliona migongo. Chakula cha mchana siku mbili kilifika saa tisa, wali maharage ya baridi, na vyeti tuliambiwa vinakuja mpaka leo.

Mafunzo ya uprodyuza na uigizaji nampa tano kwa tano, sauti na kuediti nampa mbili. Kama unataka kujua vitufe vya kamera usiende, utalia na hela yako. Kama mna kikundi, mna hadithi na hela ya kuungaunga, nendeni. Amesema atafanya tena Mbeya, maeneo ya Soweto, na mi narudi, ila safari hii nabeba maiki yangu mwenyewe na betri mpya, manyoya nimeshampa fundi cherehani anishonee.