Redio Mpya kwa Gari la Zamani: Mwambie Muuzaji Azime Taa Kwanza

Wenye magari ya zamani hapa Dodoma hawanilalamikii injini. Injini ya Peugeot 504 au Land Rover Series III ina mafundi wake, vipuri vinapatikana, maisha yanaenda. Wananilalamikia redio. Mzee mmoja wa Kondoa kanitumia picha ya dashibodi ya Land Rover yake aliyopiga usiku: mshale wa spidi hauonekani, barabara haionekani, kinachoonekana ni mstatili wa bluu unaowaka kama kibanda cha M-Pesa. Na mstatili huohuo uko tena juu ya kioo cha mbele, herufi za USB zimegeuka kinyumenyume, zinaelea mahali ambapo angepaswa kuona lami. Swali lake lilikuwa ni redio gani ina besi nzuri. Shikamoo mzee wangu, lakini besi itasubiri.

Sitawachosha na habari za Bluetooth na sehemu ya kuchomeka flashi. Siku hizi hata redio ya bei ya kutupa inavyo. Ninachouliza mimi kabla ya kutoa hela ni kimoja tu, na wauzaji wengi hawajawahi kuulizwa: taa ya redio hii inapungua usiku?

Gari la zamani halikutengenezwa kwa mwanga mkali ndani. Balbu iliyokuwa ikimulika saa za dashibodi ya Land Rover, za spidi na mafuta, ni ya wati 2.2, na redio ya asili yenye vitufe viwili vya kuzungusha ilikuwa na kibalbu cha manjano nyuma ya namba za masafa, basi. Macho yalizoea giza, na taa za mbele, dhaifu zilivyo, zilitosha. Jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na mwanga wa bluu ndio unaoliharibia kazi hiyo haraka, wakati mwekundu unaligusa kidogo sana, na wa chungwa kidogo kuliko wa bluu. Sasa toka Bahi kwenda Manyoni saa mbili usiku. Kuna ng'ombe waliochelewa kurudi zizini, kuna baiskeli isiyo na taa, na kuna lori lililokufa katikati ya njia ambalo onyo lake pekee ni matawi ya mti yaliyotupwa barabarani mita chache nyuma yake. Matawi hayaakisi mwanga. Unayaona kwa jicho lililotulia, au unayasikia chini ya gari.

Wenye Land Rover na Volkswagen Beetle ndio wanaoteseka zaidi. Kioo chao ni bapa au karibu bapa, na kimesimama karibu wima, kwa hiyo kinarudisha kila kinachowaka ndani. Kwenye 504 kioo kimelala kidogo, afadhali, ila dirisha la pembeni linakurudishia mwanga huohuo.

Tiba ipo kwenye redio yenyewe, na hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia. Ukitazama mkia wa waya nyuma ya redio ya maana, utakuta wa njano wa kwenda betri moja kwa moja, mwekundu wa swichi, mweusi wa bodi, na mara nyingi wa chungwa wenye mstari mweupe. Huo wa chungwa unaungwa kwenye waya wa taa ndogo: ukiwasha taa ndogo, redio inajua giza limeingia, inajipunguza. Mafundi wetu wanaukata. Wanaukunja, wanauzungushia tepu nyeusi, wanakwambia "huo hauna kazi, dada". Nimefungua dashibodi za magari ya watu na kuukuta umelala humo umekatwa sentimita mbili kutoka kwenye plagi. Kwenye Land Rover yenye waya zake za asili, waya wa taa za saa ni mwekundu wenye mstari mweupe. Kwenye magari mengine fundi achukue testa atafute waya unaopata umeme taa ndogo zikiwashwa. Ni kazi ya muda wa kunywa chai.

Haya, tupange.

Namba moja ni Kenwood ya DIN moja, yaani ya kipimo cha kawaida cha redio za gari, na sifichi upendeleo wangu. Modeli nyingi zina menyu ya DIMMER: unaweza kuiambia redio ifuate waya wa chungwa, au uipangie saa ya kufifia na saa ya kurudi. Juu ya hapo unachagua mwangaza kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 31, mchana wake na usiku wake. Ngazi ya 3 usiku ni raha tupu. Zile zinazokuruhusu kuchagua rangi, weka chungwa iliyoiva, dashibodi ya zamani itaipokea kama ndugu. JVC ni damu moja, kampuni hizi zimeungana tangu 2008, menyu zinafanana, kwa hiyo ukikuta JVC kwa bei nafuu usisite. Tahadhari ni moja: ukitegemea saa badala ya waya, na wewe ni wa kuchomoa betri gari likikaa wiki nzima, saa ya redio inapotea na usiku wako unageuka mchana. Unga waya.

Hizi zinahitaji tundu la milimita 182 kwa 53. Magari mengi ya zamani yaliyopo nchini dashibodi zake zilishakatwa na mmiliki wa pili au wa tatu, kwa hiyo Kenwood inaingia bila dhambi mpya. Kama ya kwako haijakatwa, nakusihi, usiikate.

Kwa hao wasiokata, namba mbili: redio yako ileile. Fundi redio, namaanisha wa redio hasa na si wa umeme wa magari, anaweza kupachika kibodi kidogo cha Bluetooth ndani yake na kuingiza sauti kwenye kitufe cha sauti. Taa inabaki ileile ya manjano, vitufe vilevile, ukaguzi wa macho unapita. Mwambie aweke kigeuzi kinachotenganisha umeme wa kibodi na umeme wa gari, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka na injini. Na muulize kwanza gari lako limefungwa vipi: Land Rover za kabla ya 1967 zilikuwa na chanya kwenye bodi, Beetle za zamani ni volti 6, baadhi ya zilizotoka jeshini ni volti 24. Kuunga kwa mazoea hapo ni kuchoma.

Pioneer ni namba tatu. Inapungua vizuri, nayo ina mpangilio wa kufuata saa, sauti yake haina maneno. Imeshuka kwangu kwa sababu jina lake ndilo linalogushiwa sana madukani, na ya kugushi haipungui kitu.

Kuna redio zilizotengenezwa makusudi zionekane za zamani. Blaupunkt Bremen SQR 46 DAB, iliyoigwa kutoka Bremen ya miaka ya 1980, ni nzuri mpaka unaionea wivu, na Continental wana moja yenye mwanga wa chungwa inayopendwa na wenye BMW za zamani. RetroSound ya Marekani wanatengeneza za vitufe viwili vya kuzungusha zinazoingia kwenye tundu la asili bila kukata chochote. Ningeziweka juu zaidi, lakini utaagiza nje, utalipa usafiri na ushuru, na ikiharibika fundi wa Dodoma atakutazama tu.

Redio za mtumba zilizong'olewa kwenye magari ya Japani, ziache. Taa zake nyingi ni za kistaarabu, nakiri, ila FM yake kwa kawaida inaishia 90, na stesheni zetu zimetawanyika mpaka 108. Kuna kifaa cha kuhamisha masafa, nacho kinakuja na makelele yake.

Skrini za Android za inchi saba: hapana. Unakata dashibodi ya chuma ya mwaka 1974 ili uangalie video.

Na zile za bei rahisi zisizo na jina, zilizoandikwa wati 60 mara nne? Fyuzi nyuma ni ampea 10. Zidisha kwa volti 14, unapata 140, na boksi linadai 240. Taa ni ya bluu, haizimiki. Kama ndiyo hela iliyopo, nunua na kipande cha tepu nyeusi.

Redio yoyote utakayochukua kati ya hizi za kisasa, usiruhusu waya wa spika uungwe kwenye bodi. Spika ya zamani ilikuwa na waya mmoja, wa pili ni bodi ya gari. Redio mpya inataka waya mbili kwa kila spika, ukiunga kizamani unaiunguza redio. Kama dashibodi ina nafasi ya spika moja tu, tafuta yenye koili mbili, itacheza kushoto na kulia pamoja.

Sasa wauzaji. Duka moja mjini, sitalitaja, nilitajiwa 280,000 kwa Kenwood ambayo mwenzangu alitajiwa 220,000 siku hiyohiyo, kisa mimi nilishuka kwenye gari na yeye alishuka kwenye boda. Tangu serikali ihamie huku tumekuwa waheshimiwa sote kwenye bei, na Bunge la bajeti likianza Aprili ndiyo usiulize. Boksi limeshafunguliwa, waranti ni "ukitoka mlangoni dada yangu", risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mpaka ugombane. Na ukiomba waiwashe, wanaiwasha chini ya taa nne za dukani, ambako hata jua halionekani kali.

Mimi huenda na kanga. Redio ikishaungwa kwenye betri ya majaribio, najifunika nayo kichwa, pale pale kauntani, nabonyeza menyu gizani nitafute DIMMER. Vijana wa dukani wanacheka, wateja wanageuka. Kisha namwomba muuzaji agusishe ule waya wa chungwa kwenye chanya ya betri huku nikitazama. Kioo cha redio kikififia, tunaanza kuongea bei. Akiniambia waya huo hauna kazi, nakunja kanga yangu naenda duka la pili.