Mji wa Rhodes, Ugiriki: ulale Mji Mkongwe wake au karibu na ufukwe wa Elli?

Ukilala ndani ya kuta za Mji Mkongwe, barabara ya kale ya Ippoton (Mtaa wa Mashujaa) unaitembea asubuhi na mapema, kabla abiria wa meli za kitalii hawajamwagika. Tatizo ni mizigo: teksi nyingi huishia malangoni, na vijia vya kokoto huvunja magurudumu ya sanduku. Beba begi la mgongoni.

Elli inashinda kwa bahari, ingawa nayo ni kokoto zaidi kuliko mchanga. Chukua viatu vya maji. Upande wa magharibi wa rasi meltemi, upepo wa kiangazi kutoka kaskazini, huchafua mawimbi Julai na Agosti. Bei hupanda kote miezi hiyo. Mei au Oktoba ni nafuu.

Mwenye watoto au gari la kukodi, Elli. Mwenye siku mbili tu za makumbusho, ndani ya kuta.