Debian kwenye ghala la korosho Mtwara: uzoefu wangu wa miaka saba

"Cha bure hicho kikiharibika tutamkamata nani, kijana?" Ndivyo alivyoniuliza mzee mwenye ghala siku nilipomwambia seva yake mpya, yaani kompyuta ya kutunzia faili za ofisi nzima, nitaiwekea Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na kwamba leseni hailipiwi. Nikamjibu, "Utanikamata mimi, mzee." Ilikuwa 2018. Nilikuwa natokea steshenari ya stendi, kazi yangu kuchapa barua na kufufua kompyuta zilizojaa virusi. Mambo ya seva nilijifundisha mwenyewe kwa mashine mbili chakavu na bando la usiku.

Kazi yenyewe si kubwa. Makarani wanatumia Windows, seva ni Debian, na programu ya Samba ndiyo inayowaunganisha. Karani anaona folda zake kama kawaida, hata hajui kuna Linux upande wa pili. Ndani kuna diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, moja ikifa nyingine inabeba. Bakapu, yaani nakala ya akiba, inakwenda kila usiku kwa programu ya rsync. Miaka yote hii seva haijawahi kuzimika yenyewe. Inazimwa na umeme, na umeme wa huku mnaujua.

Mtihani ulikuja 2024. Mwisho wa Aprili diski moja ikafa. Nikaagiza nyingine Dar, ipakiwe kwenye basi. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikatua Mafia, mafuriko yakaikata barabara ya kusini kule Somanga, diski yangu ikakwama njiani. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za baharini nazo zikakatika, intaneti ikawa ya kubembeleza. Programu ya uhasibu tuliyoinunua, risiti ipo, ikagoma kufunguka kwa sababu haikuweza kuwasiliana na kwao kuhakiki leseni. Mama wa hesabu akanijia: "Baba, hii mashine inaniambia mimi mwizi." Seva ya bure ikaendelea kutoa faili kwa diski iliyobaki, haikumwomba mtu ruhusa. Tushukuru tu haikuwa Oktoba, korosho zikiwa mlangoni.

Siku hizohizo kompyuta ya stoo, nayo ya Debian, ikachafuka mfumo. Hapo ndipo apt-cacher-ng, programu ya seva inayotunza vifurushi vya programu vilivyoshushwa, iliponiokoa. Mashine moja ikishusha kifurushi, nakala inabaki humo, na nyingine zinachukulia hapo kwa mlango wa mtandao namba 3142. Niliiweka kwa ubahili wa bando, basi. Nikaiambia ifanye kazi bila mtandao, nikachomeka flashi ya kusakinishia, na jioni stoo walikuwa wanaandika mizigo yao.

Diski ilipofika nikaipachika, mdadm, programu inayosimamia zile diski mbili, ikaanza kunakili. Mzee akavuta kiti, akaangalia asilimia zinavyopanda. "Na hawa walioitengeneza wanakula nini?" Nikamweleza kwamba Debian ilianzishwa 1993, wanaoijenga wametapakaa nchi nyingi, wengi wanajitolea na baadhi wanalipwa na makampuni yanayoitumia. Akaguna tu. Sijui kama aliniamini.

Kasoro zipo. Nilipohama toleo la 10 kwenda la 11 nilibadilisha jina buster (la 10) kuwa bullseye (la 11) kwenye orodha ya vyanzo vya kushushia vifurushi, nikadhani nimemaliza. Kumbe chanzo cha marekebisho ya usalama kilikuwa kimebadilishwa muundo: si buster/updates tena, ni bullseye-security. Imeandikwa wazi kwenye maelezo ya toleo, ambayo sikuyasoma. Nikakesha. Wi-Fi ilikuwa kero pia, kwa kuwa fimuwea zisizo huria, yaani programu za kuendeshea kifaa ambazo msimbo wake haujawekwa wazi, hazikuwemo kwenye flashi rasmi ya kusakinishia, hadi toleo la 12 la 2023. Linaloniuma zaidi ni toleo la 13 la Agosti 2025, ambalo halisakinishiki tena kwenye kompyuta za zamani za biti 32. Huko kwa wenzetu labda ni takataka. Huku bado kuna watoto wanajifunzia kuchapa juu yake.

Kwa upande wa riziki, sina malalamiko makubwa. Ghala lile limenizalia maghala mengine mawili na shule moja, wote wananilipa kwa mwezi. Shida ni wanaodhani programu ya bure ni kazi ya bure. Mmoja aliniambia, "Si umeshusha tu, laki moja ya nini?" Nikamwachia flashi aendelee mwenyewe. Wiki haikuisha akapiga simu, faili zake zote hazionekani. Alikuwa amefuta sehemu ya diski isiyohusika. Hiyo ikawa laki mbili.

Nitaendelea nayo. Mwenye mashine ya biti 32 abaki na toleo la 12 kwa sasa. Wengine chukueni la 13, flashi ya GB 8 inatosha kabisa kwa lile faili dogo la kusakinishia. Ukija kwangu kunakili, njoo na flashi yako mwenyewe. Zangu zikitoka hazirudi.