Magari ya Familia Malindi: Nilivyoyapanga Mimi

Nyumbani tuko saba, na bibi akishuka kutoka Mambrui tunakuwa wanane. Hesabu yangu imeanzia hapo. Mwenye watoto wawili aruke hadi la tatu.

La kwanza ni Toyota Noah, au nduguye Voxy, ya toleo lililotoka 2014. Nyingi za petroli tupu zina viti vinane. Haibridi, zenye petroli na umeme pamoja, ni saba. Bibi ana magoti mabovu, lakini sakafu iko chini na mlango ni wa kuteleza, anapanda mwenyewe bila kuvutwa mkono. Ukiegesha kichochoroni, mlango wa namna hiyo haugongi ukuta wa jirani. Za kawaida zina upana wa milimita 1695, na si bahati: Japani gari likizidi 1700 linahamishwa kwenye daraja la magari makubwa, kwa hiyo watengenezaji huishia milimita tano kabla. Hawakuifikiria Malindi, ila vichochoro vyetu vimefaidika.

La pili, Toyota Sienta ya 2015 kuendelea. Injini ya cc 1500, viti saba, na viti vya mwisho hukunjwa vikaingia chini ya vile vya kati. Hapo nyuma ni pa watoto. Mtu mzima atafika Mombasa amepinda. Ukichukua haibridi, jua kwamba betri hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Usizibe tundu lake kwa mikeka na magunia.

La tatu ni Toyota Fielder. Viti vitano, buti la maana, vipuri kila duka. Basi.

La nne ndilo ninalolipenda kwa moyo na kuliogopa kwa mfuko: Wish. Honda walileta Stream mwaka 2000, Toyota wakajibu kwa Wish Januari 2003, na vipimo vikawa vilevile hadi milimita: urefu 4550, upana 1695, kimo 1590. Honda nao, katika Stream ya 2006, wakashusha kimo hadi 1545, kwa sababu maegesho mengi ya Japani, yale ambayo mashine ndiyo hupandisha gari, mwisho wake ni kimo cha 1550. Sisi tunaegesha chini ya mwarobaini, kwa hiyo tulichoambulia ni kuinama zaidi tukiingia.

Shida ya Wish ni umri. Iliacha kutengenezwa 2017, na Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Utakayoipata imeshatembea hapa hapa, pengine miaka yote imelala karibu na bahari. Yangu niliinunua ikiwa imeng'arishwa mpaka unajiona usoni. Wiki ya pili fundi akatandika gunia, akaingia chini, akagonga kwa bisibisi karibu na gurudumu la nyuma. Kutu ikamwagika kama chenga za mkate mkavu, na bisibisi ikazama. Kuchomelea kulinila kuliko oili na matairi ya mwaka mzima.

Kwa hiyo, liwe lipi, hakikisha mwenyewe jina la mmiliki kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kisha gari liinuliwe. Tazama chini ya milango, mabomba ya breki, na pale springi za nyuma zinapokalia. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu? Ikwangue kwa ukucha, muuzaji akiwepo.