Mkopo wa nyumba wa KMRC, jina la mzazi mzee likiwa kwenye hati

Kwa Mkenya wa mshahara wa kawaida, mikopo ya nyumba inayopitia KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company) ni miongoni mwa iliyo nafuu zaidi: riba ni ya tarakimu moja na muda ni mrefu. KMRC yenyewe haikopeshi mwananchi. Inazipa benki na sacco fedha za muda mrefu, na hizo ndizo zinazokufungulia faili. Mwenye hati ya nyumba peke yake hana la kulalamikia. Lakini jina la baba au mama wa miaka 70 likiwamo, uzuri wa mkopo hautegemei tena riba. Unategemea mkopeshaji amemwandika mzazi kama nani.

Wakopeshaji wengi hutaka deni liishe kabla mkopaji hajafika 60 akiwa mwajiriwa, au 65 akiwa na biashara yake. Mzazi akiandikwa mkopaji mwenza, afisa huchukua umri wa aliye mkubwa. Chukua shilingi milioni 4 kwa riba ya asilimia 9. Mtoto wa miaka 38 peke yake hupata miaka 22, na malipo ni kama 34,850 kwa mwezi. Akiunganishwa na mama mfanyabiashara wa miaka 58, muda unashuka hadi miaka 7 na malipo yanaruka hadi karibu 64,360. Mama akiwa na 70, hakuna muda wowote uliobaki. Na Sheria ya Ajira hairuhusu makato kupita theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo faili nyingi hufia hapo hapo.

Dawa ni mzazi awe mweka rehani tu, si mkopaji. Anatia saini kwamba fungu lake linashikiliwa kwa deni la mwanawe, na umri wake hauingii kwenye hesabu ya muda. Uliza swali hili kabla ya kulipa ada yoyote: "Mzazi wangu anaweza kuweka rehani bila kuwa mkopaji?" Anayejibu ndiyo anastahili nyota nne kati ya tano. Anayesema lazima wote wawili wawe wakopaji, mshukuru uondoke.

Mpango huu una gharama yake. Bima ya maisha ya mkopo humkinga mkopaji peke yake. Mtoto akifariki, bima hulipa deni. Mzazi akifariki, deni linabaki palepale na fungu lake linaingia kwenye mirathi. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani kwa kuwa majina ni mawili, anayebaki huchukua yote. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema umiliki wa pamoja wa namna hiyo, ukiundwa tangu sheria hiyo ianze, ni wa mume na mke tu, isipokuwa mahakama imeruhusu. Hati ya mtoto na mzazi huhesabiwa kuwa ya mafungu, kila mmoja na sehemu yake, hata ikiwa imeandikwa vingine. Kwa hiyo unaweza kulipa miaka 22 na bado ndugu zako wakagawana nawe fungu la mzazi. Mzazi aandike wosia sasa, au akuuzie fungu lake kabla ya rehani. Ushuru wa stempu kwa uhamisho huo ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kwa rehani yenyewe ni asilimia 0.1, yaani 4,000 kwa milioni 4.

Karatasi huchelewesha kuliko fedha. Hati za zamani huwa na jina lisilolingana na kitambulisho, na hapo hutakiwa hati ya kiapo. Fanya sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za hati kwenye ofisi ya ardhi, mapema. Ardhi ya kilimo inahitaji pia idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, nayo hukaa kwa ratiba yake, si yako. Kama nyumba ndiyo makao ya ndoa, mke wa baba lazima akubali kwa maandishi hata kama jina lake halimo. Rehani isiyo na idhini hiyo haina nguvu, na benki inajua.

Mzazi awe na wakili wake, si wa benki wala wako. Akiwa haoni vizuri au hajui kusoma, hati isomwe kwa lugha anayoielewa, wakili athibitishe, kisha aweke dole gumba. Kumbukumbu zake zikiwa zimeanza kupotea, usitegemee hati ya uwakala, kwa sababu hukoma nguvu pale akili yake inaposhindwa kuamua. Itabidi kwenda mahakamani. Na aelewe jambo moja kabla ya saini: ukishindwa kulipa, anatumiwa notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya mnada.

Nafuu ya kodi usiihesabu mapema. Riba ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi huondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi (mwezi wa kwanza wa mkopo ule wa mfano, riba ni 30,000 kamili), lakini lazima mlipaji aishi humo. Nyumba ikiwa Nyeri anakokaa mama, na wewe unakaa Nairobi, huipati.

Kama shida ni paa na vigae tu, acha hati kabatini. Mkopo wa sacco wa mara tatu ya akiba, kwa wadhamini, hauigusi hati, na mzazi hahitaji kutia saini popote. Riba yake inaweza kuwa juu na muda ni mfupi, ila kwa laki tano au sita unaepuka ada za mthamini, wakili na usajili wa rehani.