Duka la Miwani Lisiloiachia Kompyuta Kazi Yote

Tangazo la "tunapima macho kwa kompyuta" limebandikwa kwenye maduka mengi ya miwani Dar es Salaam, na wateja wengi huamini kwamba kikaratasi kinachotoka kwenye mashine ndicho kipimo chenyewe. Duka ninalolipitia hapa, lililo jirani na Mnazi Mmoja, lina mashine hiyo hiyo, ila mpimaji wake huichukua kama mwanzo wa kazi tu, na kwa sababu hiyo nalipendekeza licha ya kasoro moja isiyo ndogo.

Kabla ya yote aliniuliza kama nina kisukari, kwa kuwa sukari inayopanda na kushuka hubadilisha uoni kwa muda, na mtu wa namna hiyo hushauriwa asubiri itulie ndipo apimwe miwani. Kisha nilichungulia kwenye mashine, nikaona picha ya baluni mwishoni mwa barabara, na punde ikatoa −2.50 kwa jicho la kulia. Mpimaji hakuinakili. Alinivisha fremu ya majaribio, akabadilisha lenzi kwa hatua za 0.25 huku akiuliza ipi inaonesha vizuri zaidi, halafu akanionesha herufi zilizowekwa juu ya rangi nyekundu na kijani. Nilipomwambia kwamba za upande wa kijani zimekolea zaidi, alipunguza nguvu ya lenzi mpaka pande zote zikalingana, tukaishia −1.75. Alieleza kwamba jicho linapochungulia ndani ya mashine huweza kujikaza kana kwamba linatazama kitu cha karibu, hasa kwa watoto na vijana, hivyo namba hutoka kubwa kuliko inavyostahili. Miwani ya namba hiyo huonesha mbali vizuri ukiwa dukani, lakini huweza kukuumiza kichwa ukisoma kwa muda mrefu.

Cheti cha vipimo tulikisoma pamoja, na hapo ndipo huduma hii inapozidi nyingi nilizozizoea. Chini ya SPH kuna nguvu ya lenzi kwa diopta (kizio cha nguvu hiyo), yenye alama ya kutoa kwa asiyeona mbali na ya kujumlisha kwa mwenye shida ya karibu. CYL hurekebisha jicho ambalo mpindo wake haulingani pande zote, na AXIS, kati ya 1 na 180, huonesha marekebisho hayo yakae kwa mwelekeo gani. Jicho langu la kushoto liliandikwa −1.50, −0.50, 90, ilhali cheti changu cha zamani kutoka hospitali kilisema −2.00, +0.50, 180. Nilidhani jicho limebadilika, kumbe ni lenzi ile ile iliyoandikwa kwa mtindo mwingine: ukijumlisha namba mbili za kwanza unapata −1.50, alama ya CYL inageuka, na mwelekeo unasogea kwa nyuzi 90. Sijawahi kuelezwa jambo hili mahali pengine popote, ingawa ni hesabu ya darasa la saba.

Kasoro yenyewe ni kwamba cheti hakina PD, yaani umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Hupimwa pale tu mteja anapoagiza miwani dukani hapo, na anayetaka kutengenezea kwingine lazima aidai. Kwa maoni yangu huo ni ujanja wa biashara, kwa sababu kitovu cha lenzi kisipokaa mbele ya mboni macho huchoka hata kama namba nyingine zote ni sahihi, na kadiri lenzi inavyokuwa na nguvu ndivyo kosa linavyoumiza zaidi.

Miwani ilipokuwa tayari, waliiweka kwenye kipima lenzi mbele yangu na kulinganisha namba na cheti. Asiyefanyiwa hivyo aombe. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, nisingelichagua duka hili, kwani halina dawa ya matone ya kulegeza misuli ya jicho kabla ya kupima, na huyo ni bora apelekwe kliniki ya macho hospitalini.